Mtoto anatishiwa kwa picha mtandaoni: maswali ya wazee na vijana

Mwanangu yuko kidato cha pili, simu ikilia tu anashtuka, chakula hali, skuli hataki. Ni mapenzi au nini?

Yaweza kuwa mapenzi, yaweza kuwa mitihani. Lakini ukiona na usingizi umemruka, kichwa kinamuuma kila siku na hospitali hawaoni kitu, kafuta akaunti zake ghafla au kila mara anaomba hela hasemi za nini, basi fikiria pia kuwa kuna mtu anamtisha. Simu usimpokonye. Najua mkono ndo unakokwenda mwanzo, ila ukimpokonya anajua kuwa kukwambia ni kosa, kesho hakwambii tena, na ushahidi wote umo mle mle. Kaa nae pembeni, si mbele ya ndugu zake, mwambie "nakuona huko sawa, liwe lolote mie sikugombezi". Halafu usimgombeze kweli.

Mie mvulana, miaka 17. Dada mmoja kanifolo Instagram, tukapigiana vidio kol nikavua nguo, sasa anataka hela la sivyo anasambaza. Nifanyeje?

Usilipe. Ukilipa leo kesho anarudi, kashajua una pa kuzitoa. Na huyo dada mara nyingi wala si dada, ni watu wanatumia picha za msichana mwengine na wanawatega vijana kwa makumi. Meseji zao zinafanana: "una dakika 20, tuma laki mbili au naanza na babako", chini wanabandika skrini shoti ya watu unaowafolo, yumo shangazi, yumo na ustadhi wa chuoni. Wanakukimbiza hivyo ili usipate nafasi ya kufikiri.

Usimjibu, na usifute kitu. Piga skrini shoti za vitisho, jina la akaunti, namba aliyokwambia utume hela, ndo uripoti akaunti kwenye programu yenyewe, kumbloku kuje mwisho. Kwa vile hujafika 18 kuna huduma ya bure inaitwa Take It Down: simu yako yenyewe inatengeneza alama ya ile picha au vidio, kama alama ya kidole, inayopelekwa ni alama tu na picha inabaki kwako, halafu mitandao iliyojiunga kama Facebook, Instagram na TikTok wakiikuta wanaizuia. Waliofika 18 wanatumia StopNCII. Magrupu ya WhatsApp huko haifiki, niseme ukweli. Na leo hii tafuta mtu mzima mmoja umwambie, si lazima awe baba, hata mjomba au mwalimu unaemuamini. Uliingizwa mjini, anayetenda jinai ni yeye.

Picha za binti yangu zimetengenezwa na AI, yaani akili mnemba ya kompyuta, sura yake, mwili si wake. Hiyo nayo kesi?

Kesi, na maumivu ni yale yale, mtaani hakuna anaeuliza kama ni ya kweli. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kusambaza picha za ngono za watoto na pia kumtumia mtu meseji za kumtisha au kumsumbua. Sasa tafadhali, msiirushe kwenye grupu la familia ati muwaoneshe kuwa si yeye, hapo mnasambaza nyinyi. Polisi mpelekee simu yenyewe.

Twende wapi?

Piga 116, Simu ya Mtoto, bure. Au nendeni Kituo cha Mkono kwa Mkono, Unguja kipo hospitali ya Mnazi Mmoja, Pemba kipo Chake Chake, daktari, polisi na mshauri wako pamoja kwa hiyo mtoto hazungushwi ofisi kwa ofisi. Kama walishakutana na akaingiliwa, mpelekeni haraka kabla hajaoga, nguo msizifue, dawa za kuzuia VVU zinaanzwa ndani ya masaa 72. Akisema bora afe, msimwache peke yake hata dakika, hospitali siku hiyo hiyo.

Aliyefanya ni binamu yake. Wazee wanasema tuyamalize nyumbani.

Ndo muhali wetu huu, kuoneana haya, kesi ngapi za udhalilishaji zimefia barazani. Yakimalizwa nyumbani yanamalizikia kwa nani? Mtoto atamkuta kila harusi, kila sikukuu, na picha bado anayo kwenye simu. Tangu 2021 Zanzibar tuna mahakama maalumu ya kesi hizi, zisibaki kwa babu na kahawa. Kwanza msiwaache wakae nyumba moja, halafu Mkono kwa Mkono, wazee watanuna, wanune. Na kama huyo binamu nae hajafika 18, Sheria ya Mtoto ya 2011 ina mahakama ya watoto, hachanganywi na wakubwa, kwa hiyo msifiche kwa kuogopa kumpoteza na yeye.