Kukutwa na mali ya wizi: yanayosemwa na yanayotakiwa na sheria

"Amekutwa nayo, basi ndiye mwizi."

Kenya, Tanzania na nchi nyingine zilizorithi sheria za Uingereza zina kanuni hii: mtu akikutwa na mali iliyoibwa muda mfupi uliopita, na asieleze aliipataje, mahakama inaweza kuhitimisha kwamba ama aliiiba, ama aliipokea akijua ni ya wizi. Kwa Kenya msingi wake ni kifungu cha 119 cha Sheria ya Ushahidi, kinachoipa mahakama hiari ya kudhania jambo kwa kuangalia mwenendo wa kawaida wa mambo na wa binadamu. Ni hiari tu. Kabla ya kuitumia, upande wa mashtaka uwe umeshathibitisha kwamba mali ilikutwa kwa mshtakiwa huyo, kwamba ni ya mlalamikaji, kwamba iliibwa kwake, na kwamba wizi ulikuwa wa karibuni. Likikosekana moja, kanuni haina pa kusimama.

La kwanza lina mtego wake. Kitu kilichookotwa uani kwenye nyumba ya wapangaji kadhaa kimekutwa kwa nani hasa? Lazima ushahidi umguse mshtakiwa mwenyewe.

"Mlalamikaji akisema ni yangu, imetosha."

Haitoshi. Simu za aina moja na rangi moja zimejaa kila mahali. Kinachotakiwa ni alama inayotofautisha: namba ya IMEI (namba ya utambulisho ambayo kila simu ina yake), namba ya fremu ya pikipiki, mkwaruzo ambao mlalamikaji aliutaja kabla ya kuonyeshwa kidhibiti, yaani kitu kilichokamatwa kama ushahidi. Kuutaja baada ya kukiona kunaupunguzia uzito.

"Mshtakiwa lazima athibitishe kuwa hakuiba."

Dhana hii ndiyo inayoumiza watu kuliko zote, na inanisikitisha kuona inavyorudiwa kwa uhakika. Mzigo wa kuthibitisha kosa hauhami. Mshtakiwa anatarajiwa kutoa maelezo tu, na kipimo chake kiliwekwa wazi katika hukumu ya Uingereza ya mwaka 1914: maelezo yakiwa yanaweza kuwa ya kweli, hata kama mahakama haijashawishika kuwa ni ya kweli, mshtakiwa anastahili kuachiwa, kwa kuwa shaka imebaki.

Hii haina maana kwamba "nilinunua kwa mtu nisiyemjua" hufungua mlango kila mara. Mahakama itauliza: kwa bei gani, wapi, mbele ya nani? Maelezo yaliyotolewa siku ya kukamatwa, yenye jina la muuzaji ambalo polisi wangeweza kulifuatilia, yana nguvu kuliko hadithi inayosikika kwa mara ya kwanza kwenye utetezi. Na polisi wakipewa jina hilo wasilifuatilie, wakili makini atawauliza kwa nini.

"Ikipita wiki moja, si ya karibuni tena."

Hakuna idadi ya siku iliyowekwa. Kila kesi hupimwa kwa aina ya mali na wepesi wake wa kubadilisha mikono. Simu au fedha taslimu inaweza kupita kwa watu watatu kati ya asubuhi na jioni, kwa hiyo muda wake ni mfupi. Mashine kubwa ya kiwandani haina wanunuzi wengi, na miezi kadhaa huenda bado ikahesabiwa kuwa karibuni.

"Kanuni hii ni ya wizi mdogomdogo tu."

Mwaka 1949, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilisema kanuni hiyo inaweza kufika hadi kwenye shtaka lolote, hata liwe zito kiasi gani, mauaji yakiwemo, endapo mazingira yote hayaachi hitimisho jingine la busara. Ikiwa marehemu aliuawa na kuporwa usiku, na saa yake ikakutwa mkononi mwa mtu kesho yake asiyeeleza aliitoa wapi, saa hiyo inaweza kuwa ushahidi wa mauaji. Ndiyo maana mtuhumiwa anayedhani "ni kesi ya saa tu" anahitaji wakili mapema kuliko anavyofikiri.