Shujaa wa kilimbwende: kwanza uliza nani anamsimulia

Ukitafuta mifano ya shujaa wa kilimbwende, yaani wa mkondo wa fasihi ya Ulaya uliotukuza hisia na mtu binafsi, utapewa sifa: mpweke, mwenye jeraha la siri, asiyetii desturi, anayependa hadi kuangamia. Ni kweli, lakini sifa hizo hazionyeshi mhusika huyu anajengwaje. Mimi huanza na msimulizi.

Chukua Heathcliff katika Wuthering Heights ya Emily Brontë (1847). Habari zake karibu zote zinatoka kwa mtumishi, Nelly Dean, anayemsimulia mpangaji mgeni, Lockwood. Heathcliff anatoweka miaka mitatu, anarudi na mali. Nelly hajui ameipata wapi, basi nasi hatujui. Tazama pia anavyoondoka. Amekaa kwenye benchi, na Catherine, msichana anayempenda, hana habari kwamba yupo. Anamsikia akimwambia Nelly kuwa kuolewa na Heathcliff kutamshushia hadhi. Anainuka, anatoka kimya. Maneno yanayofuata, ya jinsi Catherine anavyompenda, hayamfikii. Aliyemwona akitoka ni Nelly tu, na msuko mzima uliobaki unategemea sentensi hizo alizozikosa.

Pechorin katika riwaya ya Mrusi Lermontov, A Hero of Our Time (1840), tunasogezwa kwake hatua kwa hatua. Kwanza anasimuliwa na afisa mzee, Maksim Maksimych. Kisha msafiri anamwona ana kwa ana na kugundua kwamba akicheka, macho yake hayacheki. Ndipo tunafunguliwa shajara yake. Habari ya kifo chake imewekwa kabla ya shajara hiyo, kwa hiyo anapouchezea moyo wa binti Mary tunamsoma mtu ambaye tayari ni marehemu.

Werther katika riwaya ya Goethe, The Sorrows of Young Werther (1774), ni kinyume: barua zake mwenyewe, majibu hatuyaoni, msomaji anazama naye. Mwishoni inabidi mhariri aingie na taarifa kavu: bastola za kuazima kwa Albert, mume wa mwanamke anayempenda, koti la buluu, fulana ya njano, mazishi yasiyo na kasisi. Ukavu huo ndio unaouma.

Wanaoiga hukosea zaidi kwa kueleza jeraha sura ya kwanza; fumbo likiisha, kinachobaki ni mtu mwenye kisirani. Kosa jingine ni kuufanya ukatili wake usimuumize yeyote. Brontë hakukwepa: Heathcliff anamtundika mbwa mdogo wa Isabella, mwanamke anayemwoa, kisha anamdharau Isabella huyohuyo kwa kumdhania shujaa wa hadithi za mapenzi.

Darcy katika Pride and Prejudice ya Jane Austen (1813) simweki kundi hili, ingawa wengi humweka. Anajirekebisha, anaoa, na jamii yake inaendelea kumpokea.

Rochester katika Jane Eyre ya Charlotte Brontë (1847) ni mgumu kumpanga. Ana siri na dharau ya sheria, lakini moto unamwachia upofu na mkono mmoja, kisha anamwoa Jane anayemtunza. Jambo la kujifunza hapo ni kwamba Jane anasimulia akiwa ameshakaa na mumewe miaka kumi. Anajua tangu ukurasa wa kwanza ni nani aliyefungiwa ghorofa ya juu ya nyumba ya Rochester (mke wake wa kwanza), na bado anatunyima jibu mpaka ndoa inapopingwa kanisani.