Friji ya kompresa siyo inayomaliza betri

Wengi huamini kwamba kisanduku cha kupozea cha gari kisicho na kompresa (pampu inayosukuma gesi ya kupozea) hula umeme kidogo kwa kuwa ni chepesi na kimya. Ni kinyume. Kwa kawaida huvuta ampea 4 hadi 5 bila kupumzika, na hushusha joto nyuzi 20 hivi tu chini ya hewa inayokizunguka. Gari likifika nyuzi 40, nyama yako iko kwenye nyuzi 20, na hapo bakteria huzaana haraka. Hilo ndilo linalonitia wasiwasi hasa. Kompresa hufikia baridi uliyoitaka, kisha hujizima mpaka joto lipande tena. Ila chagua yenye kinga inayoizima pale chaji ya betri inaposhuka, la sivyo asubuhi injini haitawaka.