Kiini kilichopauka si ugonjwa, na unga mwekundu si dawa

Simu tunazopokea maabara siku hizi zinafanana: "Mtaalamu, muuza chipsi mayai amenirudishia trei tatu, anasema kiini cheupe." Wengine wameshanunua unga mwekundu wa kutia kiini rangi, unaopimwa kwa kijiko, hauna lebo, na wanauliza gunia moja la chakula cha kuku linataka kiasi gani. Hautakiwi hata chembe.

Kuku hajitengenezei rangi ya kiini. Anaitoa kwenye chakula, hasa lutini na zeaksanthini, rangi asilia za njano za mimea, na mahindi yetu mengi ni meupe. Ukichanganya mahindi hayo na pumba na mashudu ya alizeti, kiini kitapauka hata kama protini imetosha. Yai hilo ni zima. Wala si la plastiki, kama uvumi unavyodai. Hili tumelisema hadi tumechoka.

Anayetaka rangi atumie mahindi ya njano, au unga wa majani ya lusina (mti wa malisho), mlonge au lusani (majani ya malisho). Karoti inawapotezea fedha: rangi yake sehemu kubwa kuku huigeuza vitamini A, haifiki kwenye kiini. Pilipili nyekundu iliyokaushwa husogeza njano kuelekea rangi ya chungwa, ila njano iwe imeshakuwepo. Msihofu ukali, ndege hawausikii.

Lusina ikaushwe kivulini. Tandaza majani kwenye turubai, geuza asubuhi na jioni mpaka yavunjike mkononi yakiwa bado ya kijani. Yakiwa kahawia kama tumbaku, rangi uliyoitaka imeshakwenda. Usizidishe asilimia 5, yaani kilo 2.5 katika gunia la kilo 50, kwa sababu lusina ina sumu iitwayo mimosini. Mfugaji mmoja aliweka robo gunia. Utagaji ulipoporomoka akalaumu chanjo.

Subiri wiki mbili, kwani kiini hujaa kwa takriban siku 10. Rangi isipobadilika, kagua kinyesi: kuku mwenye koksidiosi, ugonjwa wa vimelea vya utumbo, hafyonzi rangi vizuri. Kagua pia ukungu kwenye mahindi.

Turudi kwenye unga mwekundu. Mwaka 2006 nchini China mayai ya bata yenye kiini chekundu yaliondolewa sokoni baada ya kukutwa na rangi ya Sudan, ambayo ni ya viwandani, ya kutia rangi nta na mafuta, na hairuhusiwi kwenye chakula. Hatusemi kila unga wa mtaani ndio huo. Tunasema bila kipimo hakuna anayejua, hata anayekuuzia. Vyakula vya mifugo hapa Tanzania vina sheria yake ya mwaka 2010, na anayechakachua anajiweka kwenye mashtaka. "Niliuziwa hivyo hivyo" si utetezi.

Ukiwa na shaka, leta sampuli ya chakula. Chota juu, katikati na chini ya gunia, changanya, pima nusu kilo, weka kwenye bahasha kavu ya karatasi. Andika tarehe, duka ulikonunua na namba ya toleo kama ipo. Ambatanisha risiti. Kiasi kama hicho kifunge ubaki nacho nyumbani, mahali pakavu, hadi majibu yatoke, maana muuzaji akibisha tutakihitaji. Kijiko kimoja ndani ya kifuko cha karanga hatupokei. Mayai yaletwe mabichi. Wiki iliyopita tumeletewa ya kuchemsha, yamemenywa.