Duka limefungwa kwa sababu ya kitambulisho? Usiazime cha shemeji

Kadi ya NIDA, yaani kitambulisho cha taifa cha Tanzania, yenye tarehe ya ukomo iliyokwisha pita bado ni kadi halali. Naanza na hili kwa sababu ndilo linalotuletea watu wengi kwenye dawati letu la malalamiko ya wauzaji wa mtandaoni. Kadi za awali zilichapishwa zikiwa na ukomo wa miaka kumi, na mwaka 2023 Serikali iliondoa ukomo huo. Mwenye kadi hiyo anaendelea kuitumia bila kulipia nyingine. Benki yako inalijua jambo hili, na mtendaji wa mtaa wako analijua. Asiyelijua ni programu ya uhakiki iliyotengenezwa mbali na hapa. Yenyewe inasoma tarehe iliyo kwenye picha, inaitazama kalenda, kisha inakufungia duka lako la mtandaoni.

Makala hii imetokana na malalamiko ya wauzaji wa mtandaoni, na mengi yanafanana. Mtu ameuza mitandio, vikapu au vipuri vya simu kwa muda mrefu bila kuulizwa kitu. Siku moja anatakiwa apige picha kitambulisho mbele na nyuma, kisha augeuze uso kushoto na kulia mbele ya kamera. Anafanya hivyo, na jibu linalokuja ni kwamba nyaraka zake hazijakidhi vigezo. Baada ya siku chache bidhaa zake hazionekani tena na fedha ambazo wateja wameshalipa zimezuiwa. Anafika kwetu akiwa ameshaamua kuwa ameonewa. Mara nyingine ameonewa kweli. Mara nyingi zaidi amekwama mahali ambapo angeweza kujikwamua mwenyewe, kama angeusoma ule ujumbe hadi mwisho.

Majukwaa, yaani masoko ya mtandaoni yanayobeba maduka haya, hayakuamka tu yakaanza kudai vitambulisho. Marekani ina sheria iliyoanza kutumika Juni 27, 2023, inayoyataka majukwaa kukusanya na kuhakiki taarifa za muuzaji aliyefikisha miamala 200 na mauzo ya dola 5,000 ndani ya miezi 12 mfululizo. Anayeshindwa kutoa taarifa hizo ndani ya siku 10 baada ya kutakiwa, mauzo yake husimamishwa. Umoja wa Ulaya nao, kupitia Sheria ya Huduma za Kidijitali inayotumika kikamilifu tangu Februari 17, 2024, unalitaka jukwaa lijue jina la mfanyabiashara, anwani, simu, akaunti ya malipo, na lipate nakala ya kitambulisho au utambulisho mwingine wa kielektroniki. Kwa hiyo anayepeleka vikapu vya Iringa kwa wateja wa nje anaguswa na sheria hizo hata kama hajawahi kupanda ndege. Majukwaa ya hapa nyumbani yana sababu yake, nayo ni wizi. Mteja aliyetuma hela akaletewa boksi lenye tofali haendi kumlaumu tapeli asiyemjua. Analaumu jukwaa.

Na tusijifanye kwamba uhakiki ni jambo geni. Kila Mtanzania anayelipa kwa simu anahakiki. Muuzaji anaandika namba, halafu anaongeza “jina litakalotokea ni fulani”. Jina likija tofauti, mteja haweki namba ya siri. Jukwaa linafanya jambo hilohilo, ila halina jicho la mteja wa Kariakoo.

Sasa niseme kuhusu dhana potofu, maana zinatuchosha kidogo. Ya kwanza ni ya anayekuja na namba ya NIDA pekee akisema “namba ndiyo kitambulisho”. Kwa taasisi iliyounganishwa na mfumo wa NIDA, namba pamoja na alama ya kidole vinatosha, na ndivyo ulivyosajili laini yako. Jukwaa ambalo halijaunganishwa linaona tarakimu 20 tu, ambazo yeyote anaweza kuziandika. Linataka picha yenye sura yako. Dhana ya pili ni ya barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa, ile yenye picha ndogo iliyogongwa muhuri nusu usoni. Ni nyaraka ya heshima, na inafungua milango mingi katika ofisi zetu, lakini hakuna mashine inayoweza kuisoma. Kitambulisho cha mjasiriamali mdogo nacho hutolewa ili ufanye biashara kwa utulivu. Kazi yake si kuthibitisha uraia wala umri. Ya tatu ni ya anayesema sheria inakataza mtu yeyote kuomba kitambulisho chake. Hapana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, haikukataza kuombwa. Inataka anayeomba awe na sababu halali, akuambie sababu hiyo, achukue kinachohitajika tu na akitunze.

Wapo, hata hivyo, ambao kweli hawana cha kuonyesha, na kwao sina lawama. Wapo wenye namba ambao kadi yao haijawafikia. Wapo Wazanzibari wenye Zan ID ambayo haimo katika orodha ya vitambulisho vya jukwaa, wakati wao wamekua wakiitumia kila mahali kuanzia kwa sheha hadi bandarini. Wapo wakazi wa mikoa ya mpakani, Kigoma na Kagera kwa mfano, ambako mahojiano ya uraia huwa marefu zaidi. Wapo wafugaji wanaohama na mifugo. Na wapo vijana wa miaka 16 au 17 wanaouza viatu vya mtumba kwa picha kali kuliko za watu wazima, lakini kadi ya NIDA huanzia miaka 18. Kijana huyo asubiri, au mzazi afungue duka kwa jina lake mwenyewe na alisimamie mwenyewe. Kumpa mtoto kadi yako na kumwachia simu si kusimamia.

Tatizo kubwa kuliko yote ni kuazima. Muuzaji asiye na kadi anaambiwa na wenzake, “Tumia ya shemeji, si ndugu?” Shemeji anakubali, anageuza uso mbele ya kamera, duka linafunguliwa. Kuanzia siku ile duka ni la shemeji. Fedha zinaingia kwa jina lake, nyota za wateja ni zake, na mapato yakiulizwa na TRA, mamlaka ya mapato, anayeulizwa ni yeye. Nimekaa mezani na dada mmoja aliyejenga wateja kwa miaka, kisha ndoa ya dada yake ikavunjika na shemeji akaondoka na nywila. Alitaka tuliamuru jukwaa limrudishie duka. Tungeanzia wapi? Kila karatasi ilimtaja mwanaume yule. Dada alikuwa na picha za mizigo aliyofunga kwa mikono yake, risiti za mabasi, na wateja waliokuwa tayari kumtolea ushahidi. Tulimwelekeza kwenye usuluhishi wa kifamilia, na huko ndiko jambo lilikoishia. Sijui njia rasmi ambayo ingemsaidia zaidi.

Hapo mwenye kitambulisho alikubali. Asipokubali, mambo ni mazito. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 15, inakataza kujifanya mtu mwingine kwa kutumia mfumo wa kompyuta. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5 au mara tatu ya faida iliyopatikana, kutegemea ipi ni kubwa, au kifungo kisichopungua miaka saba, au vyote kwa pamoja. Narudia neno “kisichopungua”, kwa sababu watu husoma miaka saba kama kilele, na hapo ndipo adhabu inapoanzia. Kughushi nyaraka kwa kompyuta, yaani kuchukua picha ya kadi ya mtu na kubandika sura yako, ni kosa jingine lenye faini inayoanzia shilingi milioni 20. Je, aliyeazimwa kwa hiari naye ana kosa? Hilo huamuliwa na mahakama kwa mazingira ya kila shauri, na makala hii si ushauri wa kisheria.

Kuna tatizo dogo lenye usumbufu mkubwa, nalo ni laini ya simu. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulipofikia ukomo wake Januari 20, 2020, wengi waliokuwa hawana namba ya NIDA walisajiliwa na mume, kaka au mpangaji mwenzao. Leo wana kadi yao, lakini jina linalotokea kwenye malipo bado ni la yule wa mwaka 2020. Jukwaa likilinganisha jina la kadi na jina la akaunti ya malipo, linakataa, na hapo halijakosea. Piga *106# uone laini zilizo chini ya namba yako ya NIDA. Kama unayoitumia haimo, nenda na mwenye usajili kwenye duka la kampuni ya simu ili laini ihamishiwe kwako. Wakati uko hapo, angalia herufi. Mariam na Mariamu kwetu ni mtu mmoja. Kwa mashine ni wawili.

Asiye na kadi kabisa aanze ofisi ya NIDA ya wilaya anakoishi. Fomu inaweza kujazwa mtandaoni na kuchapishwa. Inapitia kwa mtendaji wa mtaa au kijiji kwa sahihi na muhuri, na inaambatanishwa na nakala ya cheti cha kuzaliwa na viambatisho vingine ulivyonavyo, kama leseni, pasipoti au kadi ya mpiga kura. Kisha kuna mahojiano, picha, alama za vidole na saini. Usajili wa kwanza kwa raia ni bure, na anayekuomba “hela ya kusukuma faili” hana ada yoyote ya kisheria anayoidai. Aliyepoteza kadi anakwenda polisi kupata taarifa ya upotevu, kisha analipia Sh20,000 kwa nakala mpya. Aliyekwisha kusajiliwa lakini hana namba aitafute kupitia *152*00#. Wakati kadi inasubiriwa, soma orodha ya jukwaa lako mpaka chini. Mengi yanapokea pasipoti au leseni ya udereva, na muuzaji mwenye leseni mfukoni ambaye amelalamika miezi miwili kuhusu NIDA ni mtu ninayemfahamu kwa sura.

Namna ya kupiga picha ninawaachia vijana wenu nyumbani. Itoe kadi kwenye kile kifuko cha plastiki, basi.

Kama nyaraka ni sahihi na bado umekataliwa, hapa ndipo sheria inaposimama upande wako. Kifungu cha 36 cha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kinakupa haki ya kutaka uamuzi unaokuathiri kwa kiasi kikubwa usitegemee mashine peke yake. Andika kwa jukwaa, kwa maandishi, ukitaja tarehe ya kukataliwa, sababu iliyotolewa, na kwamba unaomba mtu aipitie upya. Kwa kadi yenye ukomo uliopita, eleza kwamba Tanzania iliondoa ukomo huo mwaka 2023. Tunza nakala ya barua hiyo. Usiandike kwa hasira kwenye maoni ya ukurasa wao, kwa sababu maoni si malalamiko, na sisi hatuwezi kuyafungulia jalada. Usipojibiwa au usiporidhika, peleka lalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, PDPC. Uchunguzi unatakiwa ukamilike ndani ya siku 90, na muda huo unaweza kuongezwa kwa sababu maalumu. Jukwaa lisilo na ofisi nchini huchelewesha mambo, na nisingependa mtu afunge safari ya Dodoma akidhani atarudi na duka lake jioni.

Kwa wenye majukwaa ya hapa nchini, wengi wenu vijana mnaoanza, nawasihi. Kukusanya picha za vitambulisho kwenye WhatsApp ya msaidizi wenu hakuwezi kuitwa uhakiki. Alama za kibayometriki ni taarifa nyeti kisheria, na anayekusanya taarifa binafsi anatakiwa awe amesajiliwa PDPC. Kufichua taarifa za watu kinyume cha sheria kuna faini ya kuanzia Sh100,000 hadi shilingi milioni 20 kwa mtu binafsi, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote. Kwa kampuni ni kuanzia shilingi milioni 1 hadi bilioni 5. Kama namba ya NIDA inatosha, msiombe kadi, na kama mmeshahakiki, jiulizeni kwa nini picha bado mnazo. Kumbukeni pia kwamba tarakimu nane za mwanzo za namba hiyo ni tarehe ya kuzaliwa ya mwenye nayo, kwa hiyo kuibandika kwenye orodha ya “wauzaji waliothibitishwa” ni kutangaza umri wa mama wa watu.

Muuzaji naye asitume kadi kwa anayempigia akisema anatoka “makao makuu ya jukwaa”. Uhakiki unafanyika ndani ya programu yenyewe. Namba ya uthibitisho inayoingia kwa ujumbe mfupi ni yako peke yako, na anayeiomba kwa simu, ujumbe wake na namba yake vitumwe kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli. Ukilazimika kumpa mtu nakala mkononi, andika juu yake kwa kalamu ni ya kazi gani na tarehe. Usifanye hivyo kwenye picha inayosomwa na mashine, itaikataa.

Ukija dawatini kwetu, njoo na picha ya ujumbe wa kukataliwa, barua uliyoliandikia jukwaa, na kitambulisho chako ulichonacho, hata kama ni cha mpiga kura. Cha shemeji kiache nyumbani.