Muulizeni bi mkubwa mambo anayoyajua

Nafanya utafiti wa afya ya wazee hapa Mombasa. Kuanzia Mji wa Kale hadi Kisauni, familia huniuliza kuhusu usahaulifu wa mzee wao: "Huu si uzee tu?" Uzee hukuchelewesha kukumbuka jina la jirani. Dimensia ni maradhi ya ubongo, na humfanya mtu apotee kwenye uchochoro alioupita tangu utotoni.

Kuitambua mapema ndiko kuna kazi, hasa kwa jamii ndogo kama Wabajuni na Wapemba, ambao wazee wao wengi walisoma chuo cha Qurani kwa maalimu, si shule ya serikali. Vipimo vingi vya kumbukumbu vilitungwa Marekani na Ulaya kwa ajili ya mtu aliyekaa darasani. Mzee huulizwa tarehe, mwezi, majira, kisha aambiwe atoe saba kwenye mia, atoe saba tena. Bi mkubwa anayehesabu miezi kwa mfungo atakujibu kuwa huu ni mfungo sita, yaani mwezi wa sita baada ya Ramadhani, mwezi wa maulidi, na atakuwa amesema kweli. Ukimuuliza majira, atakwambia kusi, msimu wa upepo wa kusini. Kwenye karatasi ameshakosa mara mbili. Na aliyesoma sana huweza kuupita mtihani huo huo ilhali ugonjwa umeshamwingia.

Mwaka 1998 watafiti waliunda kundi la 10/66. Jina hilo lilitokana na hesabu ya wakati ule: asilimia 66 ya wenye dimensia waliishi nchi zinazoendelea, na utafiti wa dimensia uliofanywa huko haukufika asilimia 10. Kipimo chao humhoji mzee, kisha humhoji na anayeishi naye.

Nami hufanya hivyo. Binti mmoja aliniambia: "Mama siku hizi atia tui zito mwanzo, lakatika lote." Mwanamke aliyepika samaki wa nazi umri wake wote amepotewa na mpangilio: tui jepesi kwanza, zito mwisho. Kwangu habari hiyo ina uzito kuliko hesabu ya saba.

Hatari ya kupata dimensia haimo katika kabila la mtu. Mwaka 2024 tume ya jarida la tiba la Lancet ilitaja mambo 14 ambayo, yakishughulikiwa, karibu asilimia 45 ya dimensia ingezuilika au kucheleweshwa. Mengi tunaishi nayo: presha, kisukari, sigara, upweke. Presha hainiachi nilale, kwa sababu watu huacha dawa wakijisikia vizuri. Na masikio! Mzee asiyesikia huacha kwenda barazani, watu wakasema amekuwa mkimya. Wapemba nao walitambuliwa kuwa raia wa Kenya mwaka 2023 tu. Asiye na kitambulisho hukwama kwenye bima ya afya, na presha yake hukaa miaka bila dawa.

Tafadhalini, msikimbilie kusema karogwa. Kwa jirani zetu wa Kilifi wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi.

Mnapompeleka mzee kliniki, aende na anayekaa naye. Andikeni kazi alizozimudu zamani na sasa zimemshinda, na zilianza kumshinda lini. Chukueni dawa zake zote, hata za mitishamba. Ombeni apimwe presha, sukari, masikio, vitamini B12 na tezi ya shingo, maana upungufu wa B12 na tezi iliyolegea huweza kufanana na dimensia, na hayo yana matibabu.