Kibali, Barua na Askari: Kuomba Msaada wa Serikali kwa Utafiti wa Misitu ya Mbali

Anayetaka kukaa wiki mbili katika misitu ya milima ya Udzungwa, Tanzania, akihesabu mbega huanza na hesabu ya fedha. Fedha mara nyingi hutoka kwa wafadhili. Cha serikali, tena kisichonunulika kwingine, ni kibali, barua ya utambulisho na askari wa uhifadhi anayezijua njia.

Kabla ya kuandika andiko, chukua ramani ya mipaka. Udzungwa kwa macho ni safu moja, lakini Hifadhi ya Taifa iliyoanzishwa mwaka 1992 iko chini ya TANAPA (Shirika la Hifadhi za Taifa), na Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Kilombero iko chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu). Safu yenyewe imekaa Morogoro na Iringa. Kambi ikivuka mpaka na ruhusa ya upande mmoja tu, askari wa upande wa pili ana haki ya kuirudisha.

Utafiti wa wanyamapori hupitia TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori), na kibali cha utafiti hutolewa na COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia). Andika majina ya vitalu, miezi na idadi kamili: "sampuli 40 za kinyesi cha mbega", siyo "sampuli chache". Mgeni anahitaji mshirika wa ndani, na mshirika huyo awe ameshiriki kupanga kazi, siyo jina lililobandikwa siku ya mwisho. Mgeni huyo huyo atahitaji pia kibali cha ukaazi daraja C.

Ukishapata kibali, shuka ngazi kwa ngazi: Katibu Tawala wa Mkoa, wa Wilaya, mtendaji wa kata, kisha wa kijiji. Ngazi ya kijiji ndiyo hurukwa, na ndiyo huumiza zaidi. Watu wasiojulikana wakionekana na GPS na futi za kupimia, wanakijiji hudhani ardhi yao inapimwa ili itwaliwe. Hofu hiyo ina sababu, na inastahili kujibiwa kwenye mkutano wa kijiji kabla hema halijasimama.

Kwenye bajeti, hesabu askari na wapagazi pia. Watu 8 kwa siku 10, kila mmoja kwa nusu kilo ya unga au mchele kwa siku, ni kilo 40: mizigo miwili ya kilo 20 kabla ya maharage.

Nywele, damu au tishu za mbega zikitakiwa kwenda maabara ya nje, omba mapema kibali cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kwa kuwa jamii zote za nyani, kima na mbega zimo kwenye viambatisho vyake. Waulize pia watu wa shirika la ndege kuhusu ethanoli, kimiminika cha kuhifadhia sampuli. Chupa zake huhesabiwa mzigo hatari.